Mpaka Kati ya Karate na Judo

Baba Padri, Mama Mwikali uliye mjane wa Mwalimu, wazee wa ukoo, wazazi, nanyi wanafunzi mlioketi pande mbili za hema hili kama watu wa harusi wasiojuana: naomba radhi. Nilialikwa kutoa hotuba ya kumbukumbu. Badala yake nimeandika barua, na aliyeandikiwa amelala pale chini ya msalaba mpya. Nitamsomea yeye. Nyinyi mtasikia.

Mwalimu Nzioka,

Nimechoka. Nianze hapo, kwa kuwa hukupenda salamu za uongo. Mbaazi ulizoziacha zikichanua zilivunwa bila wewe. Mama Mwikali yuko, anatupikia chai kila tunapokuja kumsumbua. Na klabu yako si moja tena.

Tuligawana. Ulipozikwa, tulifanya wanavyofanya wana wa nyumba mbili mzee akishaondoka: tukatafuta mpaka. Wa karate wakabaki na ukumbi wa parokia hapa Mitaboni, pamoja na mfuko wa kupigia ngumi. Wa judo wakachukua magodoro ya mazoezi, yale uliyoyashona mwenyewe kwa turubai, wakahamia Kyumbi. Ilionekana haki: anayepiga ngumi husimama sakafuni, anayeangusha na kuangushwa ndiye mwenye haja ya godoro. Hakuna aliyepinga. Tulipeana hata mikono.

Wewe hukutufundisha hivyo. Karate uliipata Nairobi ujanani, judo ukajifunza ukiwa askari magereza, na zote mbili zilikaa ndani yako kama Kikamba na Kiswahili katika kinywa kimoja. Karate, ulisema, ni elimu ya umbali; ndiyo maana mtu hurudia pigo lile lile hewani, peke yake, mpaka nyonga, bega na ngumi vifike pamoja. Judo ni elimu ya ukaribu, na haina maana ukiwa peke yako: sharti ushike vazi la mwenzako, usikie uzito wake unahamia mguu gani, umwondoe hapo hapo. Na yule fundi viatu aliyetujia kutoka Tala na mateke yake ya taekwondo, yanayopita juu ya kichwa cha mtu mrefu! Ulimtazama mpaka akamaliza, ukamwambia, “Maridadi sana, ndugu yangu. Sasa vaa suruali ya sokoni, uyarudie.” Alicheka kuliko sisi sote.

Lakini kabla ya ngumi, na kabla ya kushika vazi, kila mgeni alipita kwenye neno lako moja: “Valũka!” Ulilisema kwa Kikamba hata kwa wale wafanyabiashara Wakikuyu kutoka Yatta, nao wakaelewa siku ya kwanza kwamba wameamriwa kuanguka. Kidevu kifuani, mgongo duara, kiganja kipige godoro, mkono usitangulie nyuma. Tulianguka, tukaanguka. Wapo waliokuacha wakaenda kwenye ndondi, wakidai kwamba huko angalau mtu huanza kwa kuruka kamba, si kutupwa kama gunia. Ukawaambia wakiondoka, “Gunia likianguka halivunjiki. Kuwa gunia kwanza.”

Hapo ndipo tulipokosea. Tulidhani kuanguka ni mali ya judo, tukaligawa somo hilo pamoja na magodoro.

Mwende humjui, alijiunga nasi ukiwa umeshaondoka. Anauza mitumba Tala. Alikuwa katika zoezi la karate la kufagia mguu wa mwenzake, naye akafagiwa. Akatanguliza mkono nyuma, kama afanyavyo kila mtu asiyefundishwa, na saruji ikamvunja kifundo cha mkono. Leo ameketi hapa mbele na plasta yake. Mzigo wa nguo hawezi kuuinua.

Nilidhani jambo hilo lingetunyamazisha. Likatuletea matusi mapya. Wa Kyumbi wanawaita wenzao “wapiga upepo.” Wa Mitaboni wanajibu kwamba wale ni “watu wa kukumbatiana,” wanaomwendea adui videvu wazi, wakitumaini atasubiri ashikwe kola. Na pande zote mbili, Mwalimu, zinasema kweli. Hilo ndilo linalonichosha. Nimekwenda Kyumbi, nimerudi Mitaboni, nimekunywa chai ya upatanisho mpaka nimeichukia.

Nakukumbuka asubuhi ile, magoti yakikuuma, uliponiomba nikuangushe. Nilisita, wewe ni rika la baba yangu. Ukasema, “Usiniheshimu. Niangushe.” Nikakuangusha. Ukalala pale ukiitazama dari, ukicheka peke yako, nami nikasimama na kola yako mkononi, sijui kama nikuinue au…

Mnisamehe. Naendelea.

Siwezi kukuahidi kwamba hawa watapendana. Nakuahidi kwamba hakuna atakayevunjika tena kwa kunyimwa somo ulilolitanguliza mbele ya yote. Pumzika, mwalimu wangu. Magoti yako hayana kazi tena.

Sasa nawageukia nyinyi mlio hai.

Mwalimu aliniachia kazi ya kutahini na kufunga mikanda. Kuanzia leo sitamfunga mkanda mtu wa upande wowote ambaye hajafanya mazoezi muhula mzima na upande wa pili. Magodoro yatakuwa yametandikwa katika ukumbi wa Mitaboni Jumamosi asubuhi. Baba Padri ametukubalia ukumbi huo tukiwa klabu moja; tukibaki mbili, ufunguo unarudi parokiani. Mutiso, wewe unayewaongoza wa Kyumbi, una pikapu. Kyalo wa karate, utakwenda naye kuyapakia magodoro. Chakula hakijapakuliwa bado. Simameni nyote wawili, mtuambie mtaondoka saa ngapi.