Barabara Iliyo Mbele ya Hoteli

Saigon, Vietnam, 9 Februari 2025

Dada Veridiana,

Tumsifu Yesu Kristo. Hujambo? Na mama huko Buffalo, magoti yanamwendeaje na baridi hii? Mimi mwili mzima, akili ndiyo inayoyumba.

Nilifika salama Jumatatu. Kampuni imenipa chumba hotelini, na kiwanda kipya ninamofundisha kushona kiko ng'ambo tu ya barabara; dirishani kwangu naona mpaka kofia ya mlinzi. Nikasema afadhali, nitakuwa natembea. Dada, nilisimama ukingoni dakika arobaini. Pikipiki zinakuja kama siafu. Baba, mama, watoto wawili na kioo cha kabati, wote juu ya pikipiki moja! Taa nyekundu wanaipita, na wenye haraka wanapanda mpaka kwenye njia ya waenda kwa miguu. Mwishowe niliita teksi inivushe. Dereva alicheka mpaka akafuta machozi, akazunguka, akanishusha upande wa pili. Nimefanya hivyo siku tano.

Huko Marekani, kwangu Hilliard pale Columbus, ukikanyaga barabara magari yanasimama. Nakuomba jambo moja: muulize rafiki yako Bi Nga, yule mnayeshona naye meza moja. Si kwao ni huku huku? Wenyeji wanavukaje? Niandikie upesi.

Mdogo wako,
Fides

Louisville, 14 Februari 2025

Mdogo wangu Fides,

Salamu zimefika. Sisi tupo, tunasukuma siku. Mama magoti yanamuuma lakini mdomo hauumi. Kila Jumapili anatangaza kanisani kwao pale mtaa wa Bailey: "Fides wangu yuko Asia, anafundisha watu." Mimi miaka kumi na mitatu nashona vifuniko vya viti vya magari hapa Jeffersontown, pembeni ya mji, na sijasikia akitangaza kwamba Veridiana wake yuko Louisville.

Picha zako nimeziona. Shuka nyeupe, papai limekatwa mfano wa ua. Nakuonea wivu, nasema wazi. Nani alikuombea kazi kwenye kampuni yetu hii? Nani alikushika vidole mpaka ukajua kushona ile kona ya kiti inayowashinda watu? Kule kambi ya wakimbizi Mtabila mimi nilibeba kuni, wewe ukabeba daftari. Ndiyo maana leo Kiingereza chako kimepanda ndege na changu kimebaki kwenye mashine.

Bi Nga amehamishiwa zamu nyingine, simwoni siku hizi. Halafu mwalimu si wewe? Mwenye macho haambiwi tazama.

Dada yako,
Veridiana

Saigon, 26 Februari 2025

Dada,

Shikamoo, na pole na kazi. Maneno yako nimeyapokea, na mengine ni ya kweli, siwezi kubisha.

Teksi wamenichoka, wanasema safari ni fupi mno. Sasa nakimbia. Nangoja upenyo, namwita Bikira Maria, nakimbia. Jana kioo cha pikipiki kilinigonga kiwiko, kimevimba. Mkalimani wetu huja na gari lake, nikimuuliza ananijibu "utazoea". Mabinti ninaowafundisha wana pikipiki zao, nikiwauliza kwa ishara wanacheka tu. Nikitafuta kwenye simu, kila mtu anasema lake.

Meneja aliuliza nani alinifundisha ile kona. Nilitaja jina lako mbele ya wote, wakapiga makofi. Ukimwona Bi Nga, tafadhali usisahau.

Mdogo wako,
Fides

Louisville, 3 Machi 2025

Fides,

Hatujambo. Asante kwa kunitaja. Jina limefika Asia, mwenye jina yuko hapa anaomba ruhusa ya kwenda choo.

Pole ya kiwiko. Bi Nga bado sijamwona. Kama ni kugumu hivyo, si urudi? Hakuna aliyekufunga kamba. Watatafuta mwingine.

Dada yako

Louisville, 20 Machi 2025

Mdogo wangu, mdogo wangu,

Leo sijui nianze na salamu gani. Mama amenipigia kutoka Buffalo analia: umegongwa na pikipiki, mguu umevunjika mahali pawili, umelazwa tangu wiki iliyopita. Kwa nini aliambiwa mama na si mimi, najua. Sikulaumu.

Bi Nga hajahamishwa zamu. Nilimuuliza siku ile ile nilipopata barua yako ya kwanza. Wakati wa mapumziko alinishika mkono akanivusha katikati ya mashine, wenzetu wakijifanya pikipiki. Alisema: usikimbie. Mabasi na malori yaache yapite, hayo hayakwepi mtu. Kisha ingia, tembea polepole, mwendo mmoja, mkono juu, uso uwaelekee wanaokuja. Wenye pikipiki ndio watakaokukwepa, maana wanaipima hatua yako. Usisimame ghafla. Na kabisa usirudi nyuma, kwa sababu nyuma yako kuna mtu tayari anapita. Kila asubuhi ananiuliza kama nimekuambia. Kila asubuhi namjibu ndiyo.

Nilinyamaza kwa wivu, Fides. Sikutaka uumie, Mungu ananiona. Nilitaka ushindwe. Nilitaka urudi useme kule hakukaliki, labda wakubwa wa kampuni waseme basi, apelekwe Veridiana. Nijibu, hata kwa kunitukana.

Dada yako,
Veridiana

Saigon, 11 Aprili 2025

Dada Veridiana,

Shikamoo. Mguu umewekwa vyuma, natembelea magongo. Ulisema nikutukane, nilijaribu, nikakosa tusi linalokutosha.

Nilikuwa nimefika katikati. Nikaona basi, nikaogopa, nikarudi nyuma hatua moja. Barua yako nimeisoma mara nyingi, na kila mara naishia hapo hapo.

Wiki iliyopita meneja alikuja kuniuliza nani mwingine anaijua ile kona, aje amalizie miezi mitatu iliyobaki. Mkalimani yupo, Kiingereza si lazima. Jina lako lilikuwa kwenye ulimi. Nikamjibu kwamba simjui mtu. Siku tatu nilikaa na jibu hilo, nikikuwazia umeinama kwenye mashine yako, na nilifurahi. Ni kutamu huko ulikokuwa, dada. Sikujua ni kutamu kiasi hicho.

Siku ya nne nilimpigia, nikakutaja. Watakuita ofisini wiki hii. Kabla hujapanda ndege, Bi Nga mwambie ukweli. Mimi daktari amenikataza kusafiri mpaka Juni, kwa hiyo utanikuta.

Kukusamehe, bado. Njoo univushe.

Mdogo wako,
Fides