Mabati Yaliyogusana

Jumatatu, 4 Machi

Nimepata kiti changu mwenyewe! Karibu na mlango wa kioo, pembeni ya wifi. Ni yeye aliyeniombea kazi hii, Mungu amzidishie. Kazi yenyewe: unafunguliwa picha iliyopigwa kutoka angani, unachora mapaa. Kona, kona, kona, kona, unafunga. Hiyo nyumba moja. Msimamizi ametueleza kwamba watu wa maji walikuwa na ramani yao, zimamoto yao, zahanati yao, ardhi yao — kila mtu na lake, na hakuna iliyofanana na mwenzake. Sasa jimbo zima ramani moja, kwenye mtandao, kila ofisi inatazama hiyo hiyo. Gari la wagonjwa likiitwa linakwenda mpaka kwenye paa lenyewe. Nilisisimka. Mimi niliyeishia darasa la saba!

Nilivyorudi, mama mkwe akauliza, kwa hiyo kutwa nzima unawachungulia watu wakioga uani? Nimecheka mpaka mwanangu Kibonge akaamka.

Jumatano, 6 Machi

Leo nimepewa kipande kipya, na ndani yake mna mtaa wetu. Nikaitafuta safu yetu ya nyumba, nyuma ya ghala. Haipo! Kuna ghala tu. Ghala refu, limenyoosha miguu mpaka mwisho wa uchochoro. Aliyechora kabla yangu alizungusha mstari mmoja, ghala na sisi sote ndani. Nikaikuza picha. Kweli, mabati yetu yanagusana na yale ya ghala, hata paka hapiti katikati. Asiyepajua angekosea. Basi nikakata. Nikachora paa moja moja — la fundi cherehani, la mama wa mapacha, kisha la mama mkwe, lenye kiraka chekundu. Ndilo letu hilo. Nikasevu. Roho ikatulia.

Jioni nikawasimulia. Mama mkwe kashika kiuno: yaani miaka yote hii nimekuwa gunia? Gunia la nini sasa, saruji au chumvi? Baba Kibonge hakucheka. Yeye hufanya kazi hapo hapo ghalani, nilidhani atacheka zaidi yetu. Aliuliza tu, nani amekuruhusu kugusa huko?

Alhamisi, 7 Machi

Yameungana tena! Asubuhi, hata mkoba sijaweka chini. Ghala limetumeza upya. Nikajilaumu, labda sikusevu. Nikakata, nikasevu, nikafunga, nikafungua. Yapo. Nikatoka kumnyonyesha Kibonge — mama mkwe humleta saa nne, tunakaa kwenye benchi la korido. Kurudi — ghala.

Kuna mtu humu ndani.

Namshuku yule dada wa kona anayetabasamu bila sababu. Namshuku hata msimamizi, kwa nini alipita nyuma yangu kimya kimya vile? Kila ninayemgeukia leo namkuta ameshanigeukia.

Ijumaa, 8 Machi

Nilimfuata Miwani, mhakiki wetu. Kila tunachochora hupita kwake. Nikamzunguka: hivi mtu akichezea kipande cha mwenzake, itajulikana? Akasema haiwezekani, kipande ni cha aliyepewa, hakifunguki kwa mwingine. Na kila anayesevu anaacha jina. Nikamwonyesha ghala. Akabonyeza, akanitazama juu ya fremu. Dada, jina hapa ni lako. Umekata wewe, umeunga wewe. Mara mbili. Unanichezea?

Mimi!

Akasema ramani inafunguliwa kwa watu wote Jumanne mchana, na kitakachokutwa wakati huo ndicho kitakachokwenda. Nikauliza, na asiyekuwemo? Akasema mwenye ghala ameshaandikisha ghala lake ofisi ya ardhi, kwa hiyo kilicho ndani ya mstari kitasomeka ni chake. Mwenye malalamiko mahakama zipo. Kasema kama mtu anayetaja bei ya sabuni.

Nyumba ya mama mkwe! Chumba alichozaliwa mwanangu!

Paswodi yangu anaijua mtu mmoja tu. Nilimpa mwenyewe, ili nikiwa kwenye korido anisogezee kazi nisiachwe nyuma. Jioni mimi hukimbilia mtoto, yeye hubaki. Sitaki kumwandika. Nikimwandika itakuwa kweli.

Wifi.

Jumapili, 10 Machi

Amekuja nyumbani. Kamletea Kibonge viatu, kambeba, kamrusha juu, mtoto anacheka hadi kwikwi. Nami namtazama mikono. Wifi, mbona umepoa, kaniuliza. Nikasingizia meno ya mtoto. Akaanza: nyumba zenyewe joto kama jiko, mwenye akili angeshahama. Mama mkwe akamjibu kutoka jikoni, hama wewe binti yangu, mimi baba yako kanijengea hapa na hapa watanitolea. Wifi na baba Kibonge wakatazamana. Kidogo tu. Nimeona.

Mwezi huu baba Kibonge amekabidhiwa funguo za ghala. Juzi mbeba mizigo, leo mshika funguo. Nilimpigia vigelegele! Sasa najiuliza funguo zile... Hapana. Ni mume wangu. Akimkuta mtoto kalala hutembea kwa ncha za vidole. Mtu wa hivyo atamtoa mama yake ndani? Labda wifi ana lake peke yake. Labda hata yeye ametishwa na mtu. Naomba iwe hivyo.

Nimetaka kumwambia mama mkwe. Mdomo umekataa. Nimwambieje mzazi habari za wanawe bila ushahidi?

Jumanne, 12 Machi

Asubuhi nimekata tena. Paa moja moja. Nimesevu. Kisha nikabadilisha paswodi. Sijamwambia mtu.

Saa nne. Naandika hapa hapa kwenye benchi, daftari gotini, Kibonge ziwani. Mama mkwe pembeni anajipepea na ncha ya mtandio. Kwa ndani wifi amehamia kwenye kiti changu, kama siku zote. Kanipungia mkono. Nimempungia.

Anaandika. Anangoja. Anaandika tena, sasa kidole kimoja kimoja.

Ameinua kibodi, anachungulia chini yake!

Mama mkwe anasema, lakini wifi yako ni mchapakazi jamani, ona anavyokuhangaikia. Nimesema ndiyo mama.

Amekaa. Amesimama. Hanitazami tena. Ametoa simu, ameupa mlango mgongo. Maneno machache, amekata.

Sasa yangu inatetema mkobani. Namwomba Mungu awe ni mtu yeyote, hata wa kukosea namba.

Baba Kibonge. Hajawahi kunipigia saa za kazi, ghalani wanakataza.

Nimepokea, nimeibana simu begani. Hakusalimia. Hajamuuliza hata mtoto. Anasema, mke wangu, umebadilisha nini hapo kazini?

Nasikia anavyopumua. Anasema, irudishe ilivyokuwa, nitakueleza nyumbani. Irudishe sasa hivi.

Mama mkwe ameacha kujipepea. Nani huyo, mwanangu? Hebu nipe nimsalimie kidogo. Amenyoosha mkono, anatabasamu, anaingoja simu —