Tumbo la mama yangu linaenda Kisenge

Siku ya tatu, 4/6/2025
Leo batu ba iniversite bamefika hapa kwetu Kolwezi kukamata mate. Banasema mu mate muko alama ya mama, na mama ya mama, mpaka kule nyuma kabisa. Mi nikatangulia mbele ya bote! Nani atapita mi Kalumba? Nikabaambia: andikeni, huyu ndiye mwenye inchi. Mama yangu hakutoka fasi yoyote ingine, ni wa hapa hapa. Bengine hapa baliletwa na treni toka Kasai.
Nilikuwa naangalia Mulumba. Mukasai huyu anataka kuoa Abigaël, mutoto ya dada yangu marehemu. Akacheka tu, akaniita baba: "Tata, hata mimi niko na mate." Akatema mu kichupa. Kichwa nguvu!

Siku ya tano, 6/6
Bandugu ya Mulumba balileta pombe ya posa. Kwetu muyomba, ndugu ya mama, ndiye anaifungua akikubali. Muyomba ni mi. Sikufungua! Pombe ikarudi vile ilikuja. Abigaël hakulia. Angelia, ningejua la kusema.

Siku ya tano, 12/9
Majibu! Ameyaleta Princesse, binti wa iniversite. Eti mustari wa mama yangu banaukuta sana upande wa Kasai. Na wa Mulumba — ni ule ule!
Nikaruka: basi ni tumbo moja, ni mwiko kuoana, nilikuwa na haki!
Princesse akacheka mpaka akashika ukuta. "Tata, ile ni ya miaka elfu na elfu. Ingekuwa mwiko, nusu ya Kolwezi ingeachana leo."
Halafu akauliza niko na batoto ngapi. Saba! — kifua mbele. Akasema muzuri, lakini tumbo la mama yako halimo ndani yao. Baba hapitishi. Dada yako aliacha basichana?
Mumoja tu, Abigaël.
Ile nilijua tangu mutoto, ni desturi yetu! Sijui kwa nini imenichoma hivi.

Siku ya Mungu, 14/9
Basi nkambo yangu mwanamuke, mama ya mama yangu, naye labda alitoka mbali. Kwa miguu, kwa treni, sijui. Bote bamekufa, nitauliza nani? Ningeuliza zamani. Nilikuwa nasema tu.
Honorine, bibi yangu, mama ya batoto yangu, ananiambia Mulumba amepata kazi kule mbali Kisenge. Kesho anapanda lori na Abigaël. "Ulilinda udongo yako," anasema. "Kaa nayo sasa, uikule."

Siku ya kwanza, 15/9
Nimepiga telefone. Abigaël alikuwa tayari barabarani kwa lori. Nikamwambia: rudi nyumbani.
"Muyomba, Mulumba iko hapa pembeni yangu. Mwambie yeye."
Halafu sauti ya mwanaume: "Allo, tata? Allo?"
Mi Kalumba, mwenye hakuogopa mutu — nilikata.
Honorine ameenda kubaaga, ameacha mulango wazi. Hakuniita. Naandika nini hapa? Kiatu kimoja kiko mu muguu. Ingine sijui nimeweka wapi. Lori inapiga honi kule barabarani, mara ya pili sasa —