Kwetu Hakuna Anayekataa

Mama yangu,

Tumsifu Yesu Kristo, na shikamoo. Magoti yanasemaje na baridi ya huko Mgeta? Mimi mzima, ila mgongo. Nakuandikia kwa mkono kwa sababu simu ni ya mjomba, na kila nikipiga, mwenyewe kakaa ubavuni mwako, tunaishia kuulizana habari za mvua. Barua hii anakuletea sista wa misheni yetu aliyekuwa huku masomoni. Isome peke yako.

Hapa Uingereza bado natunza wazee. Juzi nilimpelekea bibi mmoja uji, akasema hataki, asante, akageukia dirishani. Nikambembeleza kama tunavyobembelezana kwetu, kijiko kimoja tu, bibi, nihurumie. Msimamizi wangu akanivuta pembeni. Akasema bibi amefanya "decline", yaani amekataa kwa heshima, na mtu akishakataa hivyo halazimishwi wala hanuniwi. Neno hilo wanalitumia kwa mwaliko, kwa dawa, kwa kazi, hata kwa posa. Mtu anakataa, na kesho mnasalimiana. Nilikwenda chooni nikalia, Mama, na si kwa ajili ya uji.

Kwetu nani anakataa? Mwaliko usioutaka unaujibu "nitakuja, Mungu akipenda." Chakula usichokitaka unakionja. Mkubwa akisema, unaitikia "nimesikia." Ndivyo nilivyomjibu mjomba aliponiambia shamba la bondeni anampa mtu wa mjini ajenge gesti ya watalii. Niliitikia kwa sauti ya chini, nikanyamaza, nikajua ameelewa kuwa sitaki, maana ndivyo watu wazima wanavyoelewana. Yeye akautangazia ukoo kuwa Adela ameridhia! Alinielewa vizuri sana yule. Sasa nasikia kabichi zimeng'olewa.

Shamba lile lilikuwa la bibi, mama yako, likaja kwako, nami ndiye ninayefuata. Mjomba ni msimamizi tu. Miaka yote hii nimeosha migongo ya watu baki nikijua nina mahali pa kurudi. Na nina hasira na wewe pia, Mama, nisikufiche. Kwenye kikao hicho cha ukoo ulikuwepo, ukakaa mkekani, kimya. Mimi nikikataa nitaitwa mtoto aliyeharibiwa na Ulaya. Wewe ukikataa, mwenye shamba amekataa, na hakuna wa kukupinga. Nenda kamwambie hapana. Kama huwezi, basi nikatalie mimi: niandikie waziwazi kwamba hutamwambia, niache kujenga nyumba kichwani.

Msalimie dada na wanawe, na shangazi wa Mlali, na katekista aliyenifundisha kusoma. Mjomba usimpe shikamoo yangu. Akiuliza, mwambie nimekataa.

Mwanao,
Adela