Shemeji, Ni Mimi Niliyemwashia Taa

Mpendwa shemeji,

Nakuandikia nikiwa kwenye benchi la mahakama hapa Kasese, karatasi juu ya goti, saa tatu asubuhi. Dada yangu Biira, mke wako, amekaa kule mwisho wa benchi. Nafasi iliyobaki kati yetu ingetosha watu sita, na hakuna aliyethubutu kukaa. Nilimwambia jana. Sasa nakuambia wewe, na yeyote atakayeisoma barua hii aisome, kwa maana nikiikunja na kuitia mfukoni nitapata njia ya kukimbia. Unanijua.

Uliponisimamisha mara ya kwanza nilishuka na mdomo. Fuso yangu ilikuwa imejaa matoke ya Kyondo, na juu ya matoke wamekaa wamama saba. Nikakuambia mimi nimeendesha mpaka Butembo, Juba na Mombasa, nimelala Goma mlima ukiwaka moto, mimi si mtu wa kusimamishwa na kijana mwenye kofia mpya. Nikakuomba kwa Kiganda, kwa Kikonzo, kwa Kiswahili, kwa Kilingala, nikamalizia na Kiingereza changu cha darasa la sita, kile kinachoishia "please sir". Ulisikiliza yote kama mtu anayesikiliza redio.

"Umemaliza?"

"Nimemaliza, afande."

"Shusha wamama. Halafu rudia ile ya Kikonzo, iko na makosa."

Wamama walicheka hadi mmoja akadondosha kiatu. Ukaniweka kituoni Bwera mpaka jioni, ukaniletea chai na chapati yenye maharagwe kana kwamba mimi ni mgeni wako. Biira ndiye aliyekuja kunitoa, na mdomo wake unauzidi wangu. Alikutukana pale kaunta, nawe ukafungua kitabu ukamuuliza, "Hilo la mwisho linaandikwaje?" Jumapili tatu mfululizo ukaja nyumbani eti kukagua tairi zangu. Baba, mtu wa msikitini tangu utoto, akauliza huyu Mkristo wa milimani anakaguaje tairi akiwa sebuleni.

Hivyo ndivyo ulivyokuwa shemeji yangu. Watu wa steji walidhani nimepata njia ya bure. Njia gani! Kila ukiniona unanifungulisha boneti. "Nyumbani tunakula sahani moja," uliniambia. "Hapa barabarani sikujui." Lakini nilijivunia wewe hadi ng'ambo ya mpaka. Niliwaambia Wakongo, "Ule mukubwa wa barabara anakula kwetu!" Sikuwaambia kuhusu boneti.

Sasa nifike pale ninapoogopa.

Wote wanaoendesha kati ya Kasese na Mpondwe wanajua. Ukishapita polisi, ukikutana na gari inayokwenda kule unakotoka, unawasha taa mara mbili, kumwambia wako mbele. Mchana kweupe. Huulizi ni nani. Yeye anainua mkono, na kesho atakuwashia wewe. Hakuna aliyetufundisha na hakuna anayekataa. Shule niliiacha nusu, hii nilihitimu. Wewe ulikuwa unaichukia. Ulisema siku moja tutamwashia mtu asiyefaa, nami nikakujibu kwamba polisi hamna furaha.

Alhamisi ile, saa nane, nilitoka Bwera na kahawa. Mlikuwa mmesimama kabla ya kona, juu ya Kisinga, na ule ubao wa misumari umelala kando ya lami. Hukuniambia nifungue boneti.

"Pita, shemeji. Pita haraka."

"Leo hata salamu? Mmepandishwa cheo?"

"Nimesema pita!"

Kama mwanajeshi. Nikaondoka nimenuna. Mimi mkubwa hivi, nimenuna kwa sababu hukunitania. Dakika chache mbele, nikaona Noah ya kijivu inakuja. Wallahi sikufikiri. Mkono ulikwenda wenyewe. Mara mbili. Dereva akainua wake, akatabasamu, na tulipishana karibu sana nikamwona vizuri: shati jekundu, ndevu, kioo cha pembeni kimefungwa kwa kamba ya bluu. Sikujua ndani kuna pembe za ndovu kutoka mbugani. Sikujua mlipigiwa simu, kwamba mnamsubiri yeye.

Wenzako walitusimulia. Gari nyingine zote zilikuwa zinaizunguka kona ile polepole, zinawaona, zinakanyaga breki. Hii ilikuja kwa mwendo wote, imehama upande wake kabla ya kuwaona. Wenzako wakaruka mtaroni. Nawe ungeruka. Lakini hatua chache mbele wamama wa soko walikuwa wanavuka na mizigo yao, na wewe ukaushika ubao wa misumari ukauburuta mpaka katikati. Uliufikisha, shemeji. Tairi zikapasuka. Gari ikafia kwenye shamba la pamba kabla ya kuwafikia wamama. Wewe ulikuwa umeshalala kwenye lami.

Tulikuzika Kyondo. Wenzako walipiga risasi hewani, watoto wakaziba masikio. Nami nikahutubia, unajua siwezi kuona watu wengi nikanyamaza. Niliongea kuliko mchungaji. Nilisema hukuwahi kumpendelea mtu, hata mimi. Watu walilia. Niliporudi kukaa, Biira akanishika mkono wa kulia, huu huu uliowasha taa, na akaushika mpaka udongo ukaisha.

Ningeweza kunyamaza maisha yote. Lakini yule wa shati jekundu amesimama mahakamani akasema breki zilikataa. Eti hakujua kuna polisi. Eti ni ajali, na anaiombea familia yako. Wakili wake anaongea vizuri, hata mimi nilikaribia kuamini. Mwendesha mashtaka hana mtu wa kusema kwamba yule alijua. Ni mtu mmoja tu aliyemwambia, naye akamjibu kwa mkono.

Nilikwenda kwanza kwa mwenyekiti wa madereva, Bwera. Alinisikiliza akitafuna muwa, kisha akautema.

"Siraji, uko na kichwa? Ukisema uliwasha taa, wewe ndio unaingia ndani. Na sisi wote tutafuatwa."

"Ni shemeji yangu, mzee."

"Alikuwa shemeji yako. Sasa ni marehemu. Kesi haimuamshi mutu."

Siku mbili baadaye mwanamume wa bodaboda alisimama karibu na Fuso, akapangusa vumbi kwenye taa zangu kwa kiganja, taratibu kama anayempapasa mtoto. "Gari muzuri hii," akasema. "Bale beko ng'ambo banakusalimia." Leo yuko pale getini, naona pikipiki yake kutoka hapa. Anakula karanga.

Mwendesha mashtaka naye hakunidanganya. Amesema hawezi kuniahidi kitu, na kwamba nikishaapa, maneno yangu yanaweza kunigeukia. Mimi ninayejua majina ya maafisa wa forodha pande zote mbili sikupata hata mmoja wa kumpigia simu.

Lakini niliyemwogopa zaidi ni Biira. Jana nilimkuta anachambua maharagwe uani. Nilianza na utani, ukanikauka mdomoni.

"Biira, ile gari niliiwashia taa."

Aliendelea kuchambua. "Mara ngapi?"

"Mbili."

"Alikuona?"

"Aliniinulia mkono."

Akachukua maharagwe safi, akachukua na mawe aliyoyatoa, akavimwaga vyote pamoja kwenye ungo mmoja. Akaingia ndani. Nilikaa pale nikingoja matusi, yale uliyoyatafutia kalamu, shemeji. Nilikuwa nayataka. Asubuhi nilimkuta barabarani amevaa gomesi nyeusi, anasubiri gari ya kuja Kasese. Akapanda Fuso, akaangalia dirishani njia nzima. Tulipofika ile kona nilipunguza mwendo mpaka watu wa nyuma wakapiga honi. Mbele kidogo kulikuwa na polisi wengine. Tulipowapita, nikakutana na lori, halafu basi dogo, halafu lori tena. Mikono yangu ilibaki juu ya usukani. Biira aliiangalia.

Sikuombi unisamehe. Ningekuwa wewe ningenifungulisha boneti milele. Nataka tu ujue kwamba mtu akisema ulikufa kwa ajali, nitasema hapana, mbele ya hakimu, na nitasema nimejuaje, hata kama nitatokea mlango mwingine, ule wa mahabusu.

Karani ametoka. Ametaja jina langu, amelikosea, na leo sina hamu ya kumsahihisha. Biira amesimama kabla yangu. Amekwenda mlangoni, ameufungua, na ameushikilia. Haniangalii, lakini ameushikilia.

Pumzika, afande wangu. Mimi naingia.

Ni mimi shemeji yako,
kaka yake Biira.