Mrija wa Babu Emojong

Rasto, mwenzako nimeharibu. Nimejua leo, hapa matangani, kwa nini babu hukaa mbali watu wakivuta pombe ya malwa kwa mirija kwenye chungu kimoja.

Ni mpira. Mpira tu.

Mwaka wa sitini na tano alikuwa golikipa huku Tororo. Timu ilikuwa ya kufungwa kila wiki, mpaka akaja kocha mpya, Nashon, Msamia wa Busia. Sheria yake moja: "Ukishika mrija wiki ya mechi, usije uwanjani." Wakaacha malwa, wakashinda mechi sita. Emojong akajiona mtu.

Siku moja kabla ya fainali wakamzika kaka yake, aliyekufa ghafla. Chungu kikawekwa, wazee wakampa mrija.

"Nina mechi kesho."

Kwetu, asiyekunywa na wafiwa anaulizwa anaficha nini. Alijua, Rasto. Alijua na bado akakataa. Fainali wakashinda, na nyumbani wakasema ndiye aliyemroga kaka yake.

Sasa leo mimi, bila kujua, nikampa mrija. Akaupokea. Akauingiza chunguni.

Mzee mmoja akamwambia, "Wewe si una mechi kesho?"

Hakuna aliyecheka. Wakatoa mirija yao, mmoja mmoja. Chunguni ukabaki wake tu.