Kahawa Juu ya Gurudumu

Da Zuwena, salamu kutoka Maskati, kwenye joto la kukaangia samaki bila ya jiko.

Shangazi kanipeleka bustani ya mabembea. Kanipandisha gurudumu kubwa la kupaa hewani, na chupa yake ya kahawa kwapani, ananihadithia: "Hapa palianza bembea moja na ngamia mkorofi! Ikaja treni ya watoto, sasa hili dude." Kila nikimaliza kikombe, anajaza. Tukifika chini, anamwambia mwendeshaji, "Zungusha tena, mgeni bado anakunywa."

Mkojo umenibana, wallahi! Kumbe huku kikombe usipokitikisa, ndiyo kusema hujatosheka.

Mungu akuweke, dada. Nikirudi, ukiniona natikisa hata bakuli la uji, usinicheke: naomba kushuka.

Mdogo wako, Salma